Pumzi mbili, sheria mbili: haki za dereva kwenye kizuizi cha ulevi California

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Sacramento na nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwishoni mwa wiki hubeba abiria kwa programu ya simu. Mwezi uliopita, nikirudi harusini, nilikuta askari wamefunga njia wakipima madereva ulevi. Nikaulizwa kama nimekunywa, nikasema kidogo, nikapewa kifaa nikapuliza, kikasoma kiwango cha kileo 0.04, wakaniachia. Mdogo wangu hakubahatika. Usiku wa kuamkia Jumapili hii alisimamishwa kwenye kizuizi kingine, akapuliza kifaa kama hicho, akatiwa pingu, na kituoni alipoambiwa apulize tena alikataa kwa kuwa alishapuliza. Wamechukua leseni yake na kumpa karatasi ya rangi ya waridi. Je, tulikuwa na haki ya kukataa? Tungeweza kugeuza gari? Na je, mambo haya yatagusa makaratasi yetu ya uhamiaji?

Jibu: Ndugu yangu, nimeipata barua yako leo Alhamisi, na kabla sijagusa swali lolote kati ya uliyouliza naomba tuitazame hiyo karatasi ya waridi, kwa sababu muda wake unakwisha. Karatasi hiyo ni vitu viwili kwa pamoja: ni leseni ya muda inayomruhusu mdogo wako kuendesha kwa siku 30, na ni taarifa kwamba baada ya siku hizo Idara ya Magari ya California, ambayo kila mtu huko huiita DMV, itaisimamisha leseni yake. Tangu alipokabidhiwa anazo siku 10 za kuomba asikilizwe na ofisi ya usalama wa madereva ya idara hiyo, na Jumamosi na Jumapili zimo katika hesabu. Ikiwa aliipokea alfajiri ya Jumapili, siku ya kumi ni Jumatano ijayo. Asingoje tarehe ya mahakamani, maana shauri la mahakama na shauri la DMV ni mambo mawili yasiyosubiriana, na mtu anaweza kushinda moja akashindwa jingine. Apige simu mwenyewe au wakili wake apige, aombe kusikilizwa, na aombe pia leseni isisimamishwe mpaka shauri hilo liamuliwe.

Sasa nije kwenye maswali yako. Mtu akiniuliza kama dereva ana haki ya kukataa, nami humuuliza kwanza: kukataa nini, na kabla au baada ya kukamatwa? Hapo ndipo mdogo wako alipokwama, na hapo ndipo ninapoona watu wengi wenye akili zao timamu wakikwama. Pumzi unayopuliza kando ya barabara na pumzi unayopuliza baada ya kutiwa mbaroni zinaweza kutoka katika kifua kimoja, mbele ya askari yule yule, ndani ya nusu saa moja, lakini sheria ya California inazihesabu kuwa mambo mawili tofauti kabisa. Ya kwanza, kwa mtu mzima wa kawaida, ni hiari. Ya pili si hiari, na kuikataa kuna adhabu yake hata kama hukuwa umelewa.

Yakupasa kwanza uelewe kwa nini kizuizi chenyewe kinaruhusiwa. Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani humlinda mtu asizuiliwe wala kupekuliwa pasipo sababu ya haki, na kwa kawaida askari hawezi kusimamisha gari bila kuwa na jambo mahususi analomshuku dereva huyo. Kizuizi cha ulevi kinamsimamisha kila mtu, mlevi na asiye mlevi, kwa hiyo kilipelekwa mahakamani mapema. Mwaka 1990, katika shauri la Sitz lililotoka Michigan, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba vizuizi hivi havivunji Katiba. Ushahidi uliokuwa mbele yake ulitoka katika kizuizi kimoja cha wilaya ya Saginaw: kwa muda wa saa moja na robo yalipita magari 126, kila gari likakawia kwa wastani wa sekunde 25, na watu wawili wakakamatwa. Mahakama ilipima usumbufu wa sekunde hizo dhidi ya vifo vinavyoletwa na ulevi barabarani, ikaona mizani inaelemea upande wa usalama. Miaka kumi baadaye, mwaka 2000, katika shauri la Edmond lililotoka Indianapolis, mahakama hiyo hiyo ilikataa kizuizi ambacho lengo lake la msingi lilikuwa kutafuta dawa za kulevya. Kwa maneno mengine, ruhusa ilitolewa kwa ajili ya usalama wa barabara, wala si leseni ya kumsaka kila mtu kwa kila kosa.

Lakini usije ukamwambia jamaa yako wa jimbo jingine kwamba huko nako ni vivyo hivyo. Kila jimbo lina katiba yake, na linaweza kuwalinda watu wake zaidi ya inavyofanya Katiba ya taifa. Michigan yenyewe, baada ya kushinda shauri lile, ilikuta mahakama yake ya juu ikiamua mwaka 1993 kwamba vizuizi hivyo vinavunja katiba ya jimbo. Washington, Oregon na Minnesota nazo haziviruhusu, na Texas, ambako Waswahili wa Houston na Dallas ni wengi, haina sheria inayoviruhusu.

California inaviruhusu kwa masharti. Mwaka 1987 mahakama ya juu ya jimbo, katika shauri la Ingersoll lililozaliwa na kizuizi cha mji wa Burlingame, ilitaja mambo ya kutazamwa ili kujua kama kizuizi ni halali. Uamuzi wa kukiweka, mahali na saa yake, utoke kwa wakubwa wa polisi na si kwa askari wa zamu. Magari yasimamishwe kwa utaratibu uliopangwa kabla, kwa mfano yote, au kila la tatu au la tano, ili askari asichague sura. Mahali pawe pa maana na salama, na taa na alama zionyeshe wazi kwamba ni kazi rasmi ya polisi. Dereva asiyeonyesha dalili aachiwe haraka. Tangazo la mapema kwa umma nalo lilitajwa, ingawa mwaka 1993 mahakama hiyo ilisema kwamba kukosekana kwa tangazo peke yake hakukibatilishi kizuizi. Nimekutajia haya kwa sababu hakuna dereva anayeweza kuyahakikisha usiku ule akiwa nyuma ya usukani, wala hapaswi kubishana nayo pale. Ni maswali ambayo wakili wa mdogo wako atawauliza polisi kwa maandishi: mpango wa kizuizi uko wapi, nani aliusaini, magari yalichaguliwaje. Kizuizi kikionekana hakikufuata masharti, ushahidi uliopatikana hapo unaweza kukataliwa na mahakama.

Ukiwa umeshafika penye alama, kusimama ni lazima. Sheria ya Magari ya jimbo, kifungu cha 2814.2, inasema hivyo waziwazi. Je, ungeweza kugeuza gari kabla ya kufika? Ndiyo, iwapo mahali pa kugeuzia ni halali na umegeuza kwa utaratibu. Katika shauri la Ingersoll mwongozo wa polisi wenyewe ulisema kwamba dereva asisimamishwe kwa sababu tu amekwepa kizuizi. Hata hivyo, ukikata mstari wa njano, ukapinda bila kuonyesha taa au ukarudi kinyumenyume barabarani, umempa askari sababu ya kukufuata, na mara hii umesimamishwa kwa kosa lako mwenyewe. Binafsi sioni faida ya kugeuza. Aliye mzima atapita katika sekunde chache, na aliyelewa hapaswi kuendelea kuendesha kwenda upande wowote.

Askari akikufikia dirishani ana haki ya kuona leseni, usajili wa gari na bima. Akikwambia ushuke, shuka. Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1977 kwamba anaweza kuamuru hivyo. Swali la "Umekunywa leo?" ni la namna nyingine. Marekebisho ya Tano ya Katiba yanakupa haki ya kutojibu maswali ambayo majibu yake yanaweza kukutia hatiani, na haki hiyo unayo hata kabla hujakamatwa. Wengi wanaamini kwamba kama askari hajawasomea yale maneno ya "una haki ya kunyamaza", basi walichosema hakiwezi kutumika. Sivyo. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliamua kwamba maswali ya kawaida ya barabarani, kabla ya kukamatwa, hayahitaji onyo hilo, kwa hiyo "kidogo" yako ingeweza kusomwa mahakamani neno kwa neno. Tena, mwaka 2013 majaji watatu wa mahakama hiyo, ambao maoni yao ndiyo yaliyoongoza uamuzi, waliona kwamba mtu ambaye hajakamatwa hawezi kuukimbilia ulinzi huo kwa kunyamaza kimya tu. Anapaswa kutamka kwamba anaitumia haki yake. Kwa hiyo usikae unamkodolea macho. Toa karatasi zako, kisha sema kwa upole kwamba ungependa kutumia haki yako ya kutojibu maswali. Najua kwa sisi tuliolelewa kuwajibu wakubwa jambo hilo linaonekana kama utovu wa adabu. Si utovu wa adabu, na limeruhusiwa. Uongo ndio usioruhusiwa, na ndio unaowaharibia watu zaidi ya kimya.

Akikushuku, ataomba ufanye mazoezi matatu yanayotumiwa nchi nzima: kufuata kalamu kwa macho, kutembea hatua tisa kisigino kwa kidole ukageuka na kurudi, na kusimama kwa mguu mmoja. Hakuna sheria ya California inayokulazimisha kuyafanya, na DMV haikuadhibu ukiyakataa. Mtu mwenye goti bovu, mwenye uzito mkubwa, au aliyechoka baada ya zamu mbili za kuhudumia wazee anaweza kuyashindwa akiwa hajaonja hata tone.

Halafu kinakuja kile kifaa kidogo cha mkononi, ambacho kwa aliyezoea alkoblo, kipimo cha pumzi cha polisi wa Kenya, hufanana na mwisho wa safari. California kinaitwa kipimo cha awali, na kazi yake ni kumsaidia askari kuamua kama akukamate. Kifungu cha 23612 kinamtaka askari akuambie mambo mawili: kwamba unayo haki ya kukikataa, na kwamba kukipuliza hakutimizi wajibu wako wa kupimwa baadaye. Wasio na haki hiyo ni walio chini ya miaka 21 na wale ambao bado wako chini ya uangalizi wa mahakama kwa kosa la ulevi la nyuma. Hao ni lazima wapulize, na kwao hata 0.01 ni kosa. Basi wewe ungeweza kukataa, na mdogo wako vilevile.

Baada ya kukamatwa, hali inageuka. Kwa kuendesha gari California umehesabiwa kuwa ulishakubali tangu zamani kupimwa kileo ukikamatwa kihalali kwa ulevi. Utachagua pumzi au damu, na huna haki ya kumngoja wakili kabla ya kuchagua. Mwaka 2016, katika shauri la Birchfield, Mahakama ya Juu iliamua kwamba pumzi inaweza kupimwa bila kibali cha hakimu baada ya mtu kukamatwa, lakini damu, kwa kuwa ni sindano inayoingia mwilini, kwa kawaida inahitaji kibali au ridhaa, na kwamba kukataa damu peke yake hakuwezi kufanywa kosa la jinai. Hilo halikuziondoa adhabu za leseni. Anayekataa vipimo vyote kwa mara ya kwanza husimamishiwa leseni mwaka mzima, ilhali aliyepima akakutwa na 0.08 au zaidi kwa mara ya kwanza huanza na miezi minne. Akitiwa hatiani mahakamani, kukataa huko kunaongeza kifungo kisichopungua saa 48, na mwendesha mashtaka anaruhusiwa kuliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba mshtakiwa alikataa.

Ndiyo maana jibu la mdogo wako, "nimeshapuliza", ambalo kwa akili ya kawaida ni jibu la haki, mbele ya sheria lilikuwa kukataa. Hata hivyo bado ana la kusema. Mbele ya DMV yanaulizwa mambo manne: je, askari alikuwa na sababu ya kutosha kuamini kwamba aliendesha akiwa amelewa, je, alikamatwa kihalali, je, aliambiwa kwamba akikataa leseni itasimamishwa, na je, kweli alikataa. Jambo la tatu lichunguzwe sana. Mwambie aketi leo, kabla kumbukumbu haijafifia, aandike kila alichoambiwa, kwa lugha gani, wapi, na kama askari alimweleza kwamba kipimo cha kwanza hakitoshi. Mahakama za California zimekubali mara kadhaa kwamba mtu aliyekanganywa na maneno ya askari mwenyewe asihesabiwe kuwa amekataa. Mkanganyiko uliotokana na pombe, au na dhana ya mtu mwenyewe, haukubaliwi.

Kuhusu 0.04 yako, nakuomba usiichukulie kama cheti cha usafi. Kiwango cha kawaida ni 0.08, yaani gramu 0.08 za kileo katika kila mililita 100 za damu, na chini ya 0.05 sheria hukudhania kuwa hukulewa, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi mwingine. Lakini tangu tarehe 1 Julai 2018, dereva mwenye abiria wa kulipa ndani ya gari hufikia kosa kwa 0.04. Kama usiku ule ungekuwa umepakia mteja wa programu yako, kifaa kile kile na namba ile ile vingetosha kukutia mbaroni.

Simu unaweza kuitumia kurekodi, maana sheria ya jimbo inasema kwamba kumrekodi askari akiwa mahali pa umma si kosa peke yake. Iweke kwenye kishikio chake usiishike mkononi, na usimzuie kazi yake. Akiomba kupekua gari unaweza kusema hukubali, ukasema mara moja na usiguse mkono wake hata kama ataendelea. Na ikiwa katika familia yenu yupo anayeendesha bila leseni, ajue kwamba kizuizini gari halipaswi kuchukuliwa kwa sababu hiyo tu. Askari anatakiwa kumtafuta mwenye gari na kumkabidhi yeye akiwa na leseni, au dereva mwenye leseni aliyeruhusiwa naye, kabla kizuizi hakijafungwa.

Sasa uhamiaji. Tangu sheria iliyopitishwa mwaka 2017, polisi wa miji na wilaya za California hawaruhusiwi kumuuliza mtu hali yake ya uhamiaji, na kizuizi cha ulevi hakibadilishi hilo. Akiuliza, una haki ya kutojibu. Usijidai kuwa raia kamwe, kwa sababu uongo huo unaweza kukufungia mlango ambao kosa la ulevi lisingeufunga. Kosa moja la kawaida la kuendesha ukiwa umelewa, lisilo na majeruhi wala dawa za kulevya, kwa kawaida halimfukuzishi mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwaka 2004, katika shauri la Leocal, Mahakama ya Juu ilikataa kuliita kosa la ulevi, hata lililojeruhi watu, kuwa uhalifu wa kutumia nguvu. Makosa mawili ni jambo jingine. Uamuzi wa mwaka 2019 wa Mwanasheria Mkuu wa serikali ulisema kwamba mwenye hukumu mbili za ulevi katika kipindi kinachochunguzwa atadhaniwa kukosa mwenendo mwema, na mwenendo mwema ndio anaoulizwa pia anayeomba uraia. Dawa za kulevya zina uzito wake peke yake, na hapa nawaonya hasa vijana wetu: miraa, ambayo nyumbani inauzwa sokoni, ina kathinoni, nayo sheria ya taifa ya Marekani imeiweka katika kundi la dawa zilizopigwa marufuku kabisa. Hukumu ya dawa hizo inaweza kumwondoa nchini hata mwenye kadi.

Wewe hukukamatwa wala kushtakiwa. Lakini fomu ya uraia inauliza kwa upana, ikitaja hata kuzuiliwa na askari, kwa hiyo andika tarehe na mahali pa kizuizi kile, na siku utakapoomba mwonyeshe wakili wa uhamiaji akuamulie namna ya kujibu. Mdogo wako atalazimika kutaja kukamatwa kwake hata shtaka likifutwa.

Asikubali kosa mahakamani kabla wakili wake hajamweleza athari za uhamiaji. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2010, katika shauri la Padilla, kwamba kumweleza hivyo ni wajibu wa wakili wa utetezi, na California inamtaka hakimu naye amwonye kabla ya kupokea jibu la kukiri. Mwisho, katiba ya California, ibara ya kwanza, kifungu cha 14, inampa mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza haki ya mkalimani katika shauri lote. Mdogo wako anaweza kuwa anakielewa Kiingereza cha kazini na cha dukani, lakini cha mahakamani ni kingine. Aombe mkalimani wa Kiswahili mapema, na aseme kwamba anatoka pwani ya Kenya, maana akiletewa aliyekulia Lubumbashi au Bukavu yako maneno ya sheria watakayopishana. Asipoelewa sentensi, amwambie hakimu hapo hapo kwamba hakuelewa, aombe irudiwe, na asitikise kichwa kukubali.